Lafudhi Isiyo na Wenyewe: Uhakiki wa Mchezo wa Televisheni "Van Dyke and Company"

Katika mwaka 1977 tuzo ya Emmy ya mfululizo bora wa vichekesho na nyimbo, ambayo katika Marekani ndiyo heshima kubwa ya michezo ya televisheni ya namna hiyo, ilitolewa kwa mchezo uliokuwa umekwisha kufa. Mchezo wenyewe ni "Van Dyke and Company". Ulianza kuonyeshwa na shirika la NBC mwezi wa Septemba 1976, saa nzima kwa kila kipindi, na mwaka ulipopinduka haukuwapo tena, vipindi vyake vikiwa kumi na kidogo tu. Miongoni mwa ulioshindana nayo katika tuzo hiyo ilikuwamo "The Carol Burnett Show", iliyopendwa na watazamaji tangu 1967. "The Muppet Show" ya vikaragosi. Na mchezo wa usiku wa Jumamosi wa shirika lilo hilo la NBC, ambao hata leo ungali ukionyeshwa kwa jina la "Saturday Night Live". Walio hai walishindwa na maiti.

Jambo hili limezoewa kusimuliwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba shirika lilikuwa na pupa, likakata mti kabla haujazaa. Wako na wengine wasioukumbuka mchezo huu ila kwa sababu Andy Kaufman, mchekeshaji aliyekuja kuwa mashuhuri baadaye, alipita hapo akiwa bado kijana asiyejulikana sana. Masimulizi yote mawili yana kweli ndani yake, lakini hakuna hata moja lililo uhakiki. La kwanza ni habari ya biashara, na la pili ni habari ya maisha ya mtu. Mchezo wastahili kuulizwa swali lake wenyewe, nalo ni hili: kilichokuwa kikichekwa ni kitu gani? Jibu lake, ajabu, limo katika matamshi. Watu wawili waliopata sifa ya kusema Kiingereza vibaya walisimama katika jukwaa moja. Mmoja alikivunja bila kukusudia, na mwingine alikivunja kwa makusudi. Na tofauti iliyopo baina ya wawili hao yawahusu wote washughulikao na lugha ya vichekesho, Kiswahili kikiwamo.

Mchezo wa namna hii hauna jina moja la Kiswahili lililokubaliwa na wote. Si tamthilia, kwa kuwa hauna kisa kimoja; wala si taarabu, ingawa nyimbo zimo. Ni kapu ambamo hutiwa kila kitu. Mwenyeji husimama mbele ya hadhira, huamkia, hutania, hukaribisha wageni, huimba nao, kisha huigiza visa vifupi ambavyo kimoja hakihusiani na kingine. Mtindo huu ulizaliwa katika majumba ya michezo ya zamani, ukapita katika redio, ukaingia katika televisheni tangu siku zake za kwanza. Na katikati ya miaka ya 1970 ulikuwa umezeeka. "The Ed Sullivan Show", uliodumu tangu 1948, ulifungwa katika 1971. Mwezi wa Oktoba 1975 NBC ilianzisha mchezo wake wa Jumamosi usiku, wenye vijana, wenye kejeli za siasa, na usiojali adabu za kapu la zamani. Basi "Van Dyke and Company", uliotanguliwa na kipindi kimoja cha majaribio katika 1975, ulitoka mikononi mwa shirika ambalo tayari lilikuwa limeshika mrithi wa mtindo huo kwa mkono wa pili.

Waliousimamia, Allan Blye na Bob Einstein, hawakuwa watu wa kale. Wote wawili walikuwa miongoni mwa waandishi wa "The Smothers Brothers Comedy Hour", mchezo ulioondolewa na shirika la CBS katika 1969 baada ya ugomvi mrefu juu ya maneno gani yaruhusiwe kusemwa, na ambao nao waandishi wake walipewa tuzo ya Emmy mwaka huo huo. Yaonekana walijua namna ya kushinda tuzo na kupoteza kazi kwa pamoja. Hao ndio waliotia katika kapu la Van Dyke vitu ambavyo mwenyeji wa umri wake hakutazamiwa kuwa navyo: kikundi cha waigizaji wa kimya, yaani wale wachezao kwa viungo vya mwili bila maneno, na mgeni mmoja asiyejua Kiingereza.

Dick Van Dyke alizaliwa katika 1925. Sifa yake haikujengwa juu ya ulimi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 yeye na mwenzake Phil Erickson walizunguka katika vilabu vya usiku wakifanya mchezo wa mabubu: santuri iliimba, nao walichezesha midomo na viungo kana kwamba sauti ilitoka kwao. Huko ndiko alikojifunza ile elimu ya mwili iliyompa jina katika "The Dick Van Dyke Show" ya miaka 1961 hadi 1966, iliyompatia tuzo tatu za Emmy za uigizaji. Anguko lake ni kazi ya fundi. Mguu hukwama, mkono hutafuta pa kushika, uso hukana kwamba lolote limetokea. Katika sanaa hii maneno ni mzigo wa ziada, na si ajabu kwamba mahali alipoaibika ni pale alipodaiwa maneno.

Mahali hapo ni filamu ya "Mary Poppins", iliyotolewa katika 1964. Humo alicheza Bert, mtu maskini wa London afanyaye kila kazi ya mtaani, ambaye ilimpasa kusema lafudhi ya watu wa mashariki ya jiji hilo. Lafudhi hiyo yafahamika sana kwa sheria zake: "h" ya mwanzo wa neno hudondoshwa, "t" ya katikati humezwa kooni, na irabu hupinda kwa njia maalumu. Van Dyke aliiga lafudhi hii kama mtu aliyeisikia mara moja kwa mbali. Haikai mahali pamoja; hupanda na kushuka ndani ya sentensi moja, na katika nyimbo hutoweka ikarudi. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba mwalimu aliyepewa, J. Pat O'Malley, hakuijua lafudhi hiyo kuliko yeye. Na ni kweli kwamba O'Malley alikuwa Mwingereza wa Burnley, mji wa kaskazini ulio mbali na London kwa maili nyingi na kwa matamshi vile vile. Waingereza hawakumsamehe. Katika 2017, alipotunukiwa heshima na chuo chao cha filamu na televisheni, aliwaomba radhi kwa mzaha, miaka hamsini na mitatu baada ya kosa.

Yafaa kukumbuka lakini kwamba katika filamu hiyo hiyo alicheza pia mzee Dawes, mkuu wa benki, akiwa amefichwa kwa ndevu na makunyanzi, na katika orodha ya wachezaji jina lake likaandikwa kwa herufi zilizopanguliwa, Navckid Keyd. Mzee yule pia ni Mwingereza, lakini hasemwi hata kidogo. Sababu ni dhahiri. Uzee una lafudhi yake, ya pumzi na kigugumizi, na hiyo Van Dyke aliijua kwa mwili. Lafudhi ya Bert ni mali ya watu walio hai, wana mitaa yao na majina yao, na kila mmoja wao ni hakimu.

Kaufman, aliyezaliwa New York katika 1949, alikuja na tatizo hilo akiwa amekwisha kulitatua kwa njia ya ujanja. Mtu aliyemwigiza hakuwa na jina. Aliitwa Mgeni tu. Nchi yake, alivyodai, ilikuwa Caspiar, kisiwa cha Bahari ya Kaspi ambacho hakimo katika ramani yoyote. Kwa kuwa nchi haipo, hapakuwa na mtu wa kutoka huko wa kusema kwamba lafudhi si hiyo. Hakimu aliondolewa kabla ya kesi.

Mtu asiyesikiliza kwa makini angedhani kwamba hapo pana ovyo tupu: mradi hakuna sheria, basi sema upendavyo. Sivyo ilivyokuwa. Sikio la mwanafunzi wa lugha hutambua upesi kwamba Mgeni ana sarufi. Zile sauti mbili za Kiingereza zitamkwazo ulimi ukiwa baina ya meno, ambazo Kiswahili kinazo katika "thelathini" na "dhambi", yeye hana. Lakini hakosi kwa kubahatisha: ile isiyo na mghuno huwa "t", na ile yenye mghuno huwa "d". Sauti "r" iliyo baina ya irabu mbili, ulimi wake huigonga ikawa "d". Irabu fupi ya "i", ambayo Kiingereza huitofautisha na ile ndefu, yeye huivuta ikawa ndefu, kama vile afanyavyo Mswahili. Hata neno la Kiingereza lenye maana ya kuiga, ambalo ndilo jina la mchezo wake, hulitamka kwa kosa hilo hilo. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyesikia "zambi" na "selasini" darasani anajua kwamba mwanafunzi wa namna hiyo habahatishi. Anaitii lugha yake ya kwanza. Kaufman alivumbua makosa ya mtu anayeitii lugha isiyokuwapo. Hiyo ndiyo sababu waliomwona kwa mara ya kwanza waliamini. Budd Friedman, mwenye klabu ya The Improv huko New York, alisimulia kwamba naye alimdhani mgeni wa kweli. Mtu haamini ovyo, huamini utaratibu.

Mchezo wenyewe, kama Kaufman alivyouonyesha katika vilabu na katika televisheni ya miaka ile, ulikuwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza Mgeni husimama akitweta kwa woga, macho yamemtoka, akasimulia hadithi za kuchekesha zisizochekesha. Kilele cha hadithi huja mahali pasipo pake, au hadithi huisha bila kilele. Kisha hutangaza kwamba ataiga watu mashuhuri. Huwaiga mmoja baada ya mwingine, mkuu wa nchi akiwamo, kwa sauti ile ile, lafudhi ile ile, na woga ule ule, jina tu likibadilika. Watu hucheka, na kicheko chao kina huruma kidogo na dharau nyingi. Baada ya hayo hutangaza kwamba sasa ataiga Elvis Presley, aliyekuwa hai bado wakati ule. Hugeuka akaipa hadhira mgongo, huchana nywele, huvaa gitaa. Na ageukapo tena, ni Elvis. Sauti ni ile, mdomo umepinda upande kama ule, kiuno kinajua kazi yake. Wimbo ukiisha na makofi yakipigwa, yeye huinama na kushukuru, na shukrani hiyo hutoka kwa lafudhi ya Mgeni.

Neno hilo moja la shukrani ndilo kiini cha kazi yote. Laiti angeshukuru kwa Kiingereza safi, hadhira ingepata raha ya kujua kwamba ilikuwa ikichezewa, na mambo yangekwisha. Kwa kurudi katika lafudhi huwanyima raha hiyo. Yule waliyemcheka kwa kutojua kuiga ndiye huyo huyo aliyeiga kuliko wote, na bado hajui Kiingereza. Basi walikuwa wakicheka nini? Kicheko kilichokuwa kikimwendea mgeni hurudi kikakaa mapajani mwa aliyecheka.

Katika "Van Dyke and Company" mchezo huu ulikatwa vipande, na hapo ndipo panapohitaji hukumu ya uangalifu. Mgeni hakupewa zamu yake kama mgeni aliyealikwa. Aliingia pasipo kuitwa. Katika kipindi kimoja alikuwa mshindani katika mashindano ya kumtafuta mtu afananaye na Fonzie, yule kijana wa koti la ngozi wa mchezo wa "Happy Days" uliotazamwa kuliko michezo yote ya Marekani katika msimu huo. Wazo hili lina ukali uliofichika. Fonzie ni Mmarekani anayejiamini kuliko Wamarekani wote, na usemi wake ni mfupi, maana hahitaji maneno. Na mbele yake anasimama mtu ambaye maneno yamemshinda na bado anataka kufanana naye. Mwigo hapa haukuwa wa sura, bali wa kutaka kuwa mwenyeji. Katika vipindi vilivyofuata Mgeni alirudi akimkatiza Van Dyke katikati ya shughuli, akiomba nafasi ya kusimulia au kuiga, na Van Dyke, mtu muungwana, hakujua namna ya kumfukuza.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mchezo huu mwenyeji hakupona, kama ilivyokwisha kuonekana. Lakini katika mazungumzo yale alipata kazi bora kuliko zote alizopewa. Van Dyke alijua kusikiliza kwa mwili. Wakati Mgeni anapokwama katika neno, uso wa Van Dyke hufanya safari nzima: subira, tumaini, mashaka, aibu ya kwa niaba, na mwisho ile adabu ngumu ya mtu aliyebanwa nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyewaonyesha watazamaji namna wao wenyewe wanavyoonekana wakimsikiliza mtu asiyejua lugha yao. Visa vingine vya mchezo ule, vile vya kuvaa mavazi na kukimbizana, vilikuwa vizuri kwa kadiri ya mtindo wao, na fundi wa kuanguka hakuwa amesahau kuanguka. Lakini hakuna kati yake kisichoweza kupatikana katika mchezo mwingine wowote wa miaka ile. Waigizaji wa kimya wanastahili kutajwa kwa sababu moja. Van Dyke alianza kazi kwa kuchezesha midomo mbele ya santuri. Kaufman naye, katika kipindi cha kwanza kabisa cha ule mchezo wa Jumamosi wa Oktoba 1975, alisimama kando ya santuri akingoja kimya, akachezesha mdomo kwa kipande kimoja tu cha wimbo. Watu wawili waliotengwa na karibu robo karne walikuwa wamepita mlango mmoja, na kikundi cha mabubu kilichokuwa kati yao katika studio ile kilikuwa kama ukumbusho wa mlango huo.

Hasara ya kuukata mchezo vipande ni kwamba sehemu ya kwanza ilipewa wingi wa siku, na sehemu ya pili ikawa jambo la nadra. Mtazamaji wa klabu alimcheka Mgeni kwa dakika chache, akapata malipo yake usiku ule ule. Mtazamaji wa televisheni aliweza kumcheka kwa juma zima, au kwa majuma, bila malipo. Katika pengo hilo Mgeni hubaki mgeni tu, yaani kiumbe cha kuchekwa kwa kuwa ulimi wake ni mzito. Wale waliousifu mchezo kwa ujasiri wake hawakulipima pengo hilo.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wanacho kipimo chao cha karibu. Benson Wanjau, aliyefariki katika 2015, alijulikana kote Kenya kwa jina la Mzee Ojwang, katika michezo ya televisheni ya "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani". Kiswahili alichokisema humo kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo, na wengi walimdhani Mjaluo, ilhali alikuwa Mkikuyu. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya "sh", na msemaji wake akizungumza Kiswahili huweza kuileta "s" mahali pake; hii ni sheria, si uzembe, na mchezaji aliyetaka kuaminiwa na Wajaluo wenyewe ilimbidi aijue. Hapa basi pana mtu aliyefanya alichokishindwa Van Dyke: alivaa lafudhi ya watu walio hai, majirani zake, wenye haki ya kumhukumu, akapita mtihani hata akahesabiwa kuwa mmoja wao. Mtu aweza kubisha kwamba lafudhi ya kabila katika kichekesho ni dhihaka hata ikiwa imepatikana sawasawa, na mjadala huo una uzito katika nchi ambamo jina na matamshi vyaweza kumponza mtu. Lakini Ojwang hakuchekesha kwa lafudhi peke yake. Alikuwa baba, mume wa Mama Kayai, mtu wa vituko na hila. Lafudhi ilikuwa nguo yake ya kila siku, na nguo haikuwa ndiyo mtu.

Kulinganisha huku kwaonyesha kasoro katika hoja iliyozoeleka juu ya Kaufman. Husemwa kwamba Mgeni hamtukani mtu, kwa kuwa Caspiar haipo. Hoja hiyo yavutia, lakini haisimami. Lafudhi yenye wenyewe ina mipaka: mtu wa mashariki ya London aweza kusema, hii si yetu, na Van Dyke akaomba radhi. Lafudhi isiyo na wenyewe haina mpaka. Yaweza kuvikwa kila mtu aliyefika Marekani na ulimi wa kwao, awe ametoka Uajemi, Ugiriki, Poland au Armenia, na yeyote kati yao akilalamika ataambiwa kwamba si yeye aliyekusudiwa. Hakuna wa kuomba radhi, wala hakuna wa kuombwa. Usalama wa kichekesho hiki hautoki katika kutokuwapo kwa Caspiar. Watoka katika Elvis. Ni ule mgeuko wa ghafla, na ile shukrani ya lafudhi iliyoufuata, uliomtoa Mgeni katika kundi la mabaradhuli na kumweka juu ya waliomcheka. Ondoa mgeuko, na kitu kilichobaki ni kile kile cha zamani, mcheko wa mwenye lugha kwa asiye nayo.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja upesi. Katika 1978 Mgeni alihamishiwa katika mchezo wa "Taxi", akapewa jina la Latka Gravas na kazi ya ufundi wa magari, akadumu humo hadi mchezo ulipokoma katika 1983. Sasa alikuwa na mshahara, marafiki, na baadaye mke, Simka, aliyechezwa na Carol Kane. Nao wawili walizungumza lugha ya kubuni ambayo ilifanywa kwa uangalifu wa kutosha hata Kane akapata tuzo mbili za Emmy kwa uhusika huo. Kwa mtazamo wa fonolojia hii ni hatua mbele: lugha ya kwanza, ambayo hapo awali ilijulikana kwa makosa yake tu, sasa ilisikika yenyewe. Kwa mtazamo wa kichekesho ni hatua nyuma. Latka hakuwa na Elvis. Alikuwa mtu mwema, mjinga kidogo, apendwaye na wote, na mtu apendwaye namna hiyo hawezi kumrudishia mtazamaji kicheko chake. Yaelekea kwamba waandishi wa "Taxi" nao waliliona pengo, maana baadaye walimpa Latka nafsi ya pili, Vic Ferrari, mwanamume mwenye majivuno asemaye Kiingereza cha Kimarekani bila doa. Lakini mgeuko huo ulikuja ukiwa ugonjwa wa akili wa Latka, si ustadi wake. Mtu aliyejua kuiga kuliko wote alikuwa amegeuzwa mgonjwa asiyejua anaiga nani.

Kutoka hapo yawezekana kuitazama tena tuzo ya 1977. Waliopiga kura yumkini waliheshimu mambo mengi: jina la Van Dyke, ufundi wa Blye na Einstein, na pengine haya kidogo ya kuona mchezo mzuri umezikwa mapema. Hata hivyo kulikuwa na kitu katika mchezo ule ambacho washindani wake hawakuwa nacho. "The Carol Burnett Show" ulikuwa na wachezaji waliojuana kwa miaka mingi, na uzuri wake ni uzuri wa watu wa nyumba moja. Mchezo wa Jumamosi ulikuwa wa vijana wakiwasema wazee mlangoni. Katika "Van Dyke and Company" peke yake mzee na kijana, mwenyeji na mgeni, walisimama wakitazamana, na kila mmoja alikuwa na jambo la kumfundisha mwenzake juu ya kusema vibaya. Jambo hilo halikupangwa liwe kiini cha mchezo. Lilikuwa pembeni, katika dakika chache za kukatizana. Ndiyo maana ni vigumu kulilaumu shirika moja kwa moja. Shirika lilikatisha saa nzima ya televisheni isiyotazamwa vya kutosha. Halikujua, wala pengine hata waliotengeneza hawakujua, ni dakika zipi za saa hiyo zilizokuwa na thamani.

Katika vuli ya 1977, akiwa na tuzo yake mkononi, Van Dyke aliingia katika "The Carol Burnett Show", mmoja wa michezo aliyoishinda, ashike nafasi iliyoachwa na Harvey Korman. Alitoka kabla ya msimu kwisha, na mwaka 1978 mchezo huo nao ukafungwa.